Kadi Iko kwa Nani

Eldoret, 1 Oktoba 2019

Usiku wa jana Doha, kwenye riadha ya dunia, ulikuwa wetu. Beatrice Chepkoech ametwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji, na muda si mrefu Halimah Nakaayi wa Uganda akashinda mita 800 kwa 1:58.04. Chumba cha habari kilimshangilia Mganda kana kwamba amezaliwa Kapsabet.

Nimeshangilia nami, kisha nikarudi kwa Mganda mwingine wa mbio hizo hizo. Annet Negesa amezungumza na televisheni ya ARD ya Ujerumani siku chache zilizopita. Mwaka 2011 alishinda dhahabu ya mita 800 kwenye Michezo ya Afrika, Maputo. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 20, alipimwa homoni, akaondolewa kwenye safari ya Olimpiki ya London, na baadaye akafanyiwa upasuaji Kampala. Anasema aliambiwa ni jambo dogo, mfano wa sindano tu. Alipoamka akakuta amechanjwa tumboni. Hakurudia tena kasi yake. Shirikisho la kimataifa linakana kuhusika na upasuaji huo.

Tazama orodha ya jana. Rio 2016 jukwaa la mita 800 lilikuwa na Caster Semenya, Francine Niyonsaba wa Burundi na Margaret Wambui wetu. Doha hakuna hata mmoja wao katika mbio hiyo. Tangu Mei, mahakama ya usuluhishi wa michezo ilipoiacha kanuni ya homoni isimame, wanawake wa aina yao hawaruhusiwi kuanzia mita 400 hadi maili moja mpaka wanywe dawa za kushusha walichozaliwa nacho. Sisi kwenye kurasa zetu tumeandika "hawakushiriki". Neno safi sana hilo. Halina mtendaji.

Nimempelekea mhariri wazo la makala. Amenijibu bila kuinua macho: "Hiyo ni habari ya madaktari, dada. Wewe nipe Chepkoech."

Nimempa Chepkoech. Lakini nimeandika hapa swali ambalo sikulisikia likiulizwa na yeyote: karatasi za hospitali za yule msichana, miaka yote saba, zilikuwa mikononi mwa nani?

12 Septemba 2021

Agnes Tirop, Herzogenaurach, kilomita 10 barabarani, 30:01. Rekodi ya dunia kwa mbio za wanawake peke yao. Ile ya zamani, 30:29, ilikuwa imekaa tangu 2002. Mtu kukata sekunde 28 kwa mkupuo mmoja! Maneno mia nne, picha moja, nimelala mapema.

Iten, 13 Oktoba 2021

Agnes amekutwa amekufa nyumbani kwake. Amechomwa kisu. Miaka 25.

Nje ya lango watu wamesimama na nguo za mazoezi, wengine bado wana jasho. Hakuna anayelia kwa sauti. Dawati limenipigia kutaka muda wake bora wa mita 5000 na 10,000 na idadi ya medali: bingwa wa dunia wa mbio za nyika Guiyang 2015, shaba London 2017, shaba Doha 2019, wa nne Olimpiki ya Tokyo. Yote ninayajua kwa moyo. Kijana wa dawati akauliza pia, "Na nyumba ni yake au ya mume?" Nikasema sijui. Akasema basi tuache.

15 Oktoba 2021

Mama amenipigia alfajiri kutoka Mombasa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyo mume wa yule mtoto ameshikwa hapa kwetu Changamwe. Mtaa mzima haujalala. Hebu niambie, alikuwa mumewe au mwalimu wake wa mbio?"

"Wanasema vyote viwili."

"Na pesa zake nani alikuwa akimtunzia?"

"Wanasema huyo huyo."

Akanyamaza kidogo. "Basi mlimwacha mtu mmoja awe kadhi, awe mshitaki, awe na bakora pia. Mkitarajia nini?"

Mama hajawahi kutazama mbio zozote isipokuwa za punda Lamu. Polisi wataandika wanayoyaandika, na mtuhumiwa atayakana au kuyakubali mbele ya hakimu. Hilo si langu. Langu ni hilo swali la mama.

Kapnyamisa, Nandi, 23 Oktoba 2021

Tumemzika siku ambayo angetimiza miaka 26. Hotuba nyingi. Viongozi wameahidi madawati ya jinsia, simu za dharura na semina makambini. Wengine wanaposema semina huwa tayari wanaangalia saa.

Nilikaa nyuma karibu na mwanamke aliyewahi kukimbia marathoni za Ulaya, sasa anafuga ng'ombe wa maziwa. Aliniona nikiandika majina ya wakubwa kwa mpangilio wa itifaki. Akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa mbele:

"Ninyi watu wa magazeti mnatujua sana. Mnajua nilipita kilomita thelathini na muda gani. Kuna siku hata moja mmeniuliza kadi ya benki iko kwa nani?"

Nikamuuliza ilikuwa kwa nani.

"Sasa mimi niko na ng'ombe," akasema. "Ng'ombe hawana kadi."

9 Novemba 2021

Jumapili Viola Cheptoo amekuwa wa pili New York, nyuma ya Peres Jepchirchir. Ni mmoja wa wakimbiaji waliounda Tirop's Angels baada ya msiba, na amezitumia kamera za New York kusema juu ya Agnes badala ya kusema juu ya viatu. Mhariri safari hii amekubali nichimbe. "Lakini usiniletee uvumi wa Iten."

Kwa hiyo nimeanza kuandika jinsi mambo yanavyokwenda, kama wanavyonieleza wenyewe, mmoja baada ya mwingine, bila kukutana wala kuafikiana.

Msichana wa kidato cha pili anashinda mbio za shule. Anatokea mtu. Huyo ataitwa kocha, ingawa cheti hana. Alikimbia kidogo zamani, au alikuwa mwekaji kasi wa wengine. Anamnunulia raba. Anamlipia chumba Iten, unga, mafuta ya taa. Nyumbani kwa msichana wanashukuru Mungu. Mwaka haujapita vizuri, wanaitwa mume na mke, mara nyingi bila mzee yeyote kukaa chini kuzungumzia mahari. Kitambulisho cha msichana kikitoka, akaunti inafunguliwa. Laini ya simu iliyosajiliwa benki ni ya yule bwana. Barua pepe anayoitumia wakala wa Ulaya ni ya yule bwana.

Na hapa watu wa nje hawaelewi kitu kimoja. Zawadi za mbio za barabarani hazilipwi pale kwenye utepe. Zinasubiri majibu ya vipimo vya dawa, zinapita kwa wakala, anakata fungu lake, zinafika baada ya miezi, kwa dola. Kwa muda wote huo anayejua kiasi kamili ni anayesoma barua pepe. Mkimbiaji anaambiwa, "Wamelipa." Ni hivyo tu: wamelipa. Shamba linanunuliwa Moiben au upande wa Kitale, na hati inaandikwa jina la aliyekwenda kwa wakili siku hiyo. Mkimbiaji siku hiyo yuko kambini, au yuko ndegeni.

Ngumi, wanaponisimulia, huwa inakuja mwishoni kabisa. Inakuja siku anapouliza.

Machi 2022, sikuandika tarehe

Njia ya kazi, niandike kabla sijasahau.

Mbio nyingi kubwa huchapisha zawadi zao. Ninachukua matokeo, najumlisha, natoa asilimia ya wakala, kisha namuuliza mwenyewe alipata ngapi. Hesabu ya darasa la sita. Lakini sijaona kitu kinachomfungua mtu mdomo kama ile karatasi. Mmoja aliisoma, akaikunja, akaifungua tena, akasema, "Hii mbio ya Ujerumani nilidhani ni ya viatu tu."

Kisha naenda afisi ya ardhi kufanya sachi. Mtu anaweza kukudanganya juu ya mapenzi. Rejista ya ardhi haina mapenzi.

Kambini sihoji. Hotelini pia sihoji, kila mhudumu ana binamu anayekimbia. Tumepata mahali pazuri kuliko yote: saluni. Kusuka kunachukua saa nne, hakuna mwanamume atakayekaa humo kumsubiri, na fundi mwenyewe aliwahi kukimbia mita 3000. Hataki kujua jina langu.

Wa leo ana miaka 19. Nitamwita wa raba za kijani. Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa, kwa hiyo sikuuona uso wake kwa muda mrefu, na nafikiri ndiyo sababu alisimulia. Alikuja kambini akiwa na 16. Wasichana walilala vyumba vya nyuma. Kocha alisema ni marufuku kufunga kwa ndani, eti mtu akizidiwa usiku atasaidiwaje.

Niliuliza alichofanya kocha. Fundi akaacha kusuka. Msichana akasema:

"Madam, usiandike alinilazimisha. Watu watauliza kwa nini sikupiga kelele. Andika alikuwa na ufunguo."

Nimeandika hivyo hivyo.

Je, aliripoti? Alikwenda kituoni na rafiki yake. Walipewa nambari ya OB, ya kitabu cha matukio, kwenye kipande cha gazeti. Fomu ya P3, ile inayojazwa na daktari, waliambiwa imekwisha, warudi Jumatatu. Jumatatu ilikuwa siku ya mazoezi ya kasi, na ruhusa ya kutoka kambini hutolewa na kocha.

Kipande cha gazeti bado anacho, kwenye soksi. Ni ukurasa wa michezo.

17 Machi 2022

Wakili wa gazeti amesoma rasimu. Mtu mwema, ana kalamu nyekundu. "'Alikuwa na ufunguo' si kosa la jinai, mama." Nikamwambia msichana alikuwa na 16, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haiulizi kama alipiga kelele. Akakubali, anachotaka ni mtu wa pili asiyemfahamu wa kwanza, na karatasi yoyote ya tarehe. Kukereka kwangu hakukumfanya akosee. Kesi ya kashfa haimwumizi mhariri peke yake. Inamwondolea msichana anayefuata mahali pa kusemea.

Kwa hiyo natafuta wa pili. Sitamwambia kwamba kuna wa kwanza.

20 Aprili 2022

Damaris Mutua, mzaliwa wa hapa aliyeshindania Bahrain, amekutwa amekufa ndani ya nyumba Iten jana. Miezi sita baada ya Agnes, mji ule ule. Kamati ya serikali iliyoongozwa na Catherine Ndereba ilizunguka kuuliza wanamichezo juu ya dhuluma, na mambo iliyoyasikia ni haya haya. Nani ataitekeleza ripoti, hilo ndilo kila mtu analiuliza akimtazama mwenzake.

Dawati: "Tutumie muda wake bora."

Juni 2022

Imetoka. Hakuna jina la kocha, hakuna jina la kambi, kuna ufunguo. Wa pili alipatikana, na wa tatu akajileta.

Kocha alinipigia kabla ya saa tatu asubuhi. Gazeti halikumtaja, ila yeye amejitambua. "Madam, wewe ni mzazi. Hawa ni kama watoto wangu." Nikamwambia nampa nafasi ya kujibu, tarehe na saa, na wakili wangu akiwepo. Akakata.

Jioni nikaona nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la waandishi wa riadha. Hakuna aliyesema neno. Mpiga picha mmoja tuliyekula naye vumbi barabara za Moiben kwa miaka amenitumia ujumbe: "Sista, wewe umefunga milango ya kambi kwetu sote. Sasa tutapata wapi mahojiano?"

Ana hoja, tena nzito kuliko anavyodhani. Mwandishi wa michezo anaishi kwa ruhusa. Kocha ndiye anayekupa bingwa, wakala ndiye anayekupa tiketi ya Valencia, shirikisho ndilo linalokupa kitambulisho cha uwanjani. Wa siasa akimkorofisha waziri kuna waziri mwingine. Wa riadha akiikorofisha Iten, hakuna Iten nyingine. Ndiyo maana mengi ya namna hii hufichuliwa na watu wasiokaa kwenye jukwaa la waandishi. Kule Indiana, waliofungua habari za mazoezi ya viungo ya Marekani mwaka 2016 walikuwa wapelelezi wa gazeti la jijini, si watu wa dawati la michezo, na mwanamke wa kwanza kumtaja daktari Larry Nassar aliwaandikia barua pepe baada ya kusoma makala yao kuhusu makocha. Januari 2018 wanawake zaidi ya 150 walisomewa au kusoma maelezo yao mbele ya jaji. Baadhi yao walikuwa wamewahi kupigwa picha na wanahabari wa michezo, medali shingoni.

6 Septemba 2024

Rebecca Cheptegei amefariki jana hapa Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi. Mganda, miaka 33, wa 44 kwenye marathoni ya Paris tarehe 11 mwezi uliopita. Jumapili alikuwa ametoka kanisani na binti zake, nyumbani kwake Trans Nzoia, akamwagiwa petroli na kuchomwa. Anayetajwa ni mwanamume aliyewahi kuishi naye, na yeye pia yumo hospitalini humo, ameungua.

Mzozo ulikuwa juu ya nini? Kipande cha ardhi. Alikinunua na kujenga ili awe karibu na mazoezi. Wazazi wake wanasema polisi waliarifiwa mapema.

Kijana mpya wa dawati ameniuliza kwa adabu kama nina chochote "cha ziada" kuhusu Cheptegei zaidi ya ubingwa wake wa dunia wa mbio za milimani, Chiang Mai, 2022. Nimempa mambo ya ardhi. Safari hii yamepanda ukurasa wa kwanza, na siwezi kufurahi.

Watu wananiuliza mbona nalikazania shamba. Kwa sababu huku shamba ndiyo medali inayokaa. Goti likichoka, kuna mahindi. Anayeshika hati ndiye ameshika miaka arobaini ya mwanamke huyo baada ya mbio yake ya mwisho, na wote wawili wanalijua hilo wakiwa bado wanakula sahani moja.

15 Septemba 2024

Bukwo, Uganda, jana. Cheptegei alizikwa kwa heshima za kijeshi, alikuwa sajini. Yule mwanamume alifariki tarehe 9, hivyo hakutakuwa na kesi. Paris wanasema wataita uwanja jina lake. Kesi ya Agnes bado inakwenda mahakamani Eldoret, mshtakiwa amekana, yuko nje kwa dhamana tangu Novemba iliyopita. Nimeketi kwenye benchi la mahakama mara nyingi kiasi kwamba karani hunitunzia nafasi. Waandishi wa michezo wengine siwaoni humo.

11 Julai 2025

Strasbourg jana: kwa kura 15 dhidi ya 2, majaji wa mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya wamesema Uswisi haikumsikiliza Semenya kwa haki mahakamani mwake, alipoipinga kanuni ya homoni. Kuhusu ubaguzi wenyewe hawakuamua. Wamesema hilo haliko chini ya mamlaka yao. Miaka 16 tangu Berlin, ambako msichana wa miaka 18 alishinda dhahabu huku dunia ikibishana juu ya mwili wake, na bado anachopewa ni haki ya kusikilizwa vizuri zaidi.

22 Septemba 2025

Riadha ya dunia Tokyo imekwisha. Dhahabu saba, sita za wanawake: Jepchirchir marathoni, Chebet mara mbili, Kipyegon, Faith Cherotich, na jana Lilian Odira mita 800 kwa 1:54.62. Kila mbio ya wanawake kuanzia mita 800 hadi marathoni ni ya Kenya. Mhariri (wa sasa ni kijana, ananiamkia) anataka wasifu tano, kila mmoja na "siri ya mafanikio".

Lakini kuna jambo jipya. Tangu tarehe 1 mwezi huu, mwanamke hashindani ngazi ya dunia bila kipimo cha jeni la SRY, mara moja maishani, kwa usufi wa ndani ya shavu au kwa damu. Wenye kanuni wanasema ni kulinda mbio za wanawake, na wakimbiaji wengi ninaowajua wanaiunga mkono, sitaficha hilo. Mimi nauliza lile la Negesa. Msichana wa miaka 19 ambaye barua pepe yake inafunguliwa na kocha, majibu yale yanafika kwa nani kwanza? Anayeyajua kabla yake amepata ufunguo mwingine.

Wasifu tano nimewaachia vijana. Mimi nataka waliomaliza wa sita, wa nane, wa kumi kwenye majaribio ya Nairobi, wale ambao simu zao hazilii. Nimempa mhariri orodha ya maswali: kadi, hati, barua pepe, majibu ya kipimo. Amesoma, akakuna kichwa.

"Madam, hilo la kadi si litawaudhi?"

"Litamuudhi mwenye nayo," nikamwambia.

Mmoja amekubali Alhamisi. Ana nywele fupi, hazisukiki, itabidi tutafute sababu nyingine ya kukaa saluni saa nne. Na fundi wangu alihamia Langas, bei yake imepanda, sijui hesabu za gazeti nitaiandikaje.